Bakuli Halirudi Tupu

Bakuli la Grasiana lilikaa juu ya kabati langu mwaka mmoja na miezi minane. Ni bakuli la bati, jeupe, lina ua jekundu ubavuni na ukingo umebanduka rangi. Aliniletea makande ndani yake siku nilipomaliza kuzunguka nyumba za Sindeni kuwaomba kina mama wakubali watoto wao watolewe damu. "Kula, Bibi Chau," aliniambia, "umeshinda juani kwa ajili ya hao watu wa Korogwe." Nikala. Kwetu jirani akikuletea kitu kwenye chombo chake, chombo hakirudi kitupu. Utatia kunde, utatia ndimu mbili, ukikosa kabisa utatia chumvi ya kiganja. Kabla sijapata cha kutia, Matayo, mtoto wa Grasiana, alikufa, na baada ya hapo sikuona kitu duniani kinachotosha kutiwa katika bakuli lile.

Watu hao wa Korogwe walikuwa na mradi wao, wakaja na gari jeupe wakakaa kwenye zahanati yetu wiki mbili. Walitaka damu ya watoto wenye malaria kabla mtoto hajameza dawa. Si tone la kidole, ya mshipa, kijiko kimoja cha chai. Kina mama wakakataa. Huku habari za mumiani hazijafa. Ukija na bomba la sindano na kisanduku cha barafu watu wanaita watoto ndani. Mkubwa wao, kijana wa Kisambaa anayeitwa Daktari Hiza, akaja kwangu, maana aliambiwa kwamba Chausiku akisema jambo kina mama husikia. Alinipa shikamoo kwa heshima zote, akakaa kwenye mkeka wangu, akanywa chai yangu.

"Bibi," alisema, "tunataka kujua mdudu wa malaria anaingiaje kwenye damu. Baada ya miezi sita tutarudi kumwambia kila mama tulichokiona."

"Mtarudi?"

"Tutarudi, bibi."

"Nimekuuliza mara moja kama mgeni. Sasa nakuuliza kama mjukuu wangu. Mtarudi?"

"Tutarudi."

Nikazunguka nyumba arobaini kwa miguu yangu hii. Kila nyumba nilisema maneno yale yale: damu itatoka, na neno litarudi.

Miezi sita ikapita, mwaka ukapita. Namba waliyoniachia nikaipiga mpaka yule mwanamke wa kwenye simu anayesema haipatikani nikamzoea kama wifi yangu.

Matayo alikuwa na miaka minne, naye alikuwa mmoja wa waliotolewa damu. Dawa ya zahanati ilimpoza, akacheza, ila rangi haikumrudia. Wiki ya tatu homa ikaja tena. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyeshika unga. Alifia njiani wakimpeleka hospitali, kabla hawajafika mji wetu wa Chanika, kwenye mapaja ya mama yake. Grasiana hakunitukana, laiti angenitukana. Aliacha tu kupita mbele ya nyumba yangu. Akienda kuteka maji alizungukia kwenye mashamba ya watu. Na watu nao wakaacha kumwita Mama Matayo. Wakahamia kwa mtoto mdogo, wakamwita Mama Denis.

Mwaka huu masika yalianza na mbu wake kamili. Jumanne asubuhi nikasikia Denis anachemka tangu jana yake. Nikavaa kanga nikaenda. Grasiana alikuwa uani, amemlaza mtoto juu ya jamvi, kitambaa chenye maji usoni. Midomo ya mtoto imekauka. Pembeni sufuria ya majani ya mwarobaini inatoka mvuke.

"Hodi, Mama Matayo."

Hakuinua kichwa. "Huyo hayupo. Kama unamtaka Mama Denis, karibu."

"Mpeleke zahanati, mwanangu."

"Nilikwenda jana. Nesi anataka kidole."

"Ni tone moja tu."

"Na wewe tena." Hapo akanitazama. "Mara ya kwanza ulisema kijiko. Leo unasema tone. Kesho utaniambia wananusa tu."

"Grasiana."

"Walimmaliza damu mwanangu, bibi. Viganja vyake ulivikosha wewe mwenyewe siku ya msiba, uliviona. Ile damu ilikwenda kufanya nini? Uliniahidi neno. Nipe hilo neno, moja tu, nambeba huyu sasa hivi mpaka kwa nesi. Huna. Basi kaa mbali na kidole chake."

Niliondoka uani kwa mtu nikiwa nimefungwa mdomo na haki yake.

Zahanati nilimkuta nesi Rhoda anapanga maboksi. Nikamwambia ampe mtoto dawa ya mseto bila kumchoma.

"Siwezi, bibi. Homa si zote malaria. Nikimpa ya malaria kumbe ana nimonia, nitakuwa nimemuua kwa upole."

Alisema kweli, na ukweli wake ukazidi kuniudhi. Nilimwomba aende akakae na Grasiana, amwangalie mtoto. Akishindwa kunywa au akianza degedege, ambebe hata kwa nguvu. Akakubali. Nikarudi nyumbani, nikapanda juu ya stuli, nikashusha bakuli kwenye kabati, nikalifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Saa nne kasoro nilikuwa Korogwe, bakuli kwapani, naulizia njia.

Mradi ulikuwa kwenye nyumba ya kupanga yenye geti la kijani. Dada mmoja wa koti jeupe alitoka, jina lake Fausta, akanipa shikamoo. Nikamwitikia, yeye sikuwa na ugomvi naye.

"Hiza yupo?"

"Daktari yupo kwenye kikao, bibi."

"Mwambie bakuli limefika."

Hiza alitoka akitabasamu. Alikuwa amenenepa. "Shikamoo, Bibi Chausiku. Karibu sana. Habari za Sindeni?"

Nikanyamaza. Fausta akatazama chini. Huku kwetu mtu mzima akiacha shikamoo ya kijana ikining'inia hewani, hata kuku wanajua kuna jambo.

"Shikamoo, bibi," akarudia.

"Nimeisikia. Naiweka. Marahaba nitakupa ukishanijazia hili." Nikampita nikaingia ofisini mwake, nikaliweka bakuli juu ya kompyuta yake, pale kwenye vitufe, ikaanza kulia tii. "Kitendawili."

"Tega," akasema, hajui pa kuweka mikono.

"Alichukua kwa mikono miwili, kurudisha hana mkono."

Akafikiri. "Sijui, bibi."

"Nipe mji."

"Nakupa Korogwe."

"Korogwe siitaki. Nimekwenda Korogwe nikakuta watu wamekalia maneno ya wenzao. Jibu ni wewe."

Akaanza kunieleza. Ratiba ilibadilika. Wafadhili walitaka mkutano. Ripoti ipo, imekamilika, na akaivuta kutoka kwenye droo, nene, ina picha za rangi. Nikaifungua. Darasa la saba nilimaliza, kusoma najua, lakini mle sikuona neno hata moja la kunisalimia.

"Ni ya Kiingereza, bibi."

"Matayo alilia kwa lugha gani alipochomwa?"

Nikaifunga ripoti, nikairudisha mezani.

"Kuna mtoto mwingine wa mama yule yule amelala Sindeni sasa hivi, anachemka. Mama yake hataki achomwe hata kidole mpaka nimpelekee neno mliloahidi. Sina siku mbili. Nataka kujua damu ya Matayo ilikwenda kufanya nini, nijue kwa Kiswahili, tena nielewe."

Hiza akafungua mdomo, maneno yakatoka kama kokoto. Ni Fausta aliyenishika mkono, akanipeleka chumba cha pili, akaniinamisha kwenye hadubini. Niliona viduara vingi vya rangi ya waridi, na ndani ya vingine pete ndogo ya zambarau, kama pete ya mwanasesere.

"Kiduara ni seli ya damu," alisema. "Hiyo pete ndiye yeye. Sasa tazama, bibi, hii seli haina mlango."

"Nyumba isiyo na mlango ni yai. Hicho tulitegana tukiwa watoto."

"Basi yeye anaingia ndani ya yai bila kulipasua. Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

"Anaingiaje?"

Akavuta kigoda. "Akiwa nje amevaa koti la kunata. Kwa koti hilo anaushika ukuta wa seli, anaubonyeza, unabonyea ndani. Lakini lile lile koti lililomshika ndilo linalomzuia kupita. Hapo anatoa mkasi. Anakata vishikizo vyake mwenyewe, koti linabaki nje, yeye anazama uchi, na ukuta unajifunga nyuma yake. Yote hiyo haifiki dakika moja."

"Mkasi ameupata wapi?"

"Anazaliwa nao. Tunauita kimeng'enya. Hata tumboni mwako vimeng'enya vipo, vinakata ugali uwe damu. Vya huyu vinakata njia."

"Na akishaingia?"

"Anakula. Ana mikasi mingine ya kukata ile rangi nyekundu yenyewe. Siku mbili anakula na kujigawa, wanakuwa kumi na sita, ishirini, hata thelathini. Halafu mkasi wa mwisho unapasua ukuta, wanatoka wote kwa mpigo, kila mmoja na koti lake jipya, kila mmoja anatafuta nyumba nyingine. Wakitoka hivyo ndipo mtoto anatetemeka."

Nilinyanyua jicho kutoka kwenye kile kioo. Kumbe siku zote nilidhani homa ni kama moshi, inakuja inaondoka. Kumbe ni watu wanaohama nyumba na kuziacha magofu.

"Kwa hiyo waliomaliza damu ya Matayo ni hao."

"Ni hao, bibi. Kijiko chetu hakimalizi damu ya mtoto. Ila." Akamtazama Hiza aliyesimama mlangoni.

Nimelea watoto saba na wajukuu sijui wangapi. Mtoto akianza na "ila", ujue chungu kimeshavunjika.

"Ila nini?"

"Fausta," Hiza alisema polepole.

"Hapana, daktari. Atajua." Alitoa daftari kubwa kabatini, akapitisha kidole. Matayo alikuwa namba thelathini na moja. Jina lake halikuwamo, namba tu; majina yalikuwa kwenye orodha nyingine. "Kila damu iliyofika hapa tuliipitisha kwenye mashine ya kupima wingi wake. Mtoto wa umri ule anatakiwa awe na kumi na moja kwenda juu. Huyu alikuwa na sita nukta nne. Mtoto wa sita nukta nne anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo."

"Mliona lini?"

"Jioni ile ile aliyotolewa."

"Zahanati mkawaambia nini?"

Fausta akafunga daftari.

"Zahanati ilitakiwa kupigiwa simu," Hiza alisema. "Yule aliyehusika alihamishwa wiki ile, kazi ikabaki haina mtu. Tulikuwa na sampuli nyingi. Bibi, mimi mwenyewe nilikuja kugundua mwezi uliofuata."

"Mwezi uliofuata Matayo alikuwa chini ya udongo. Na wewe ukajua. Kwa hiyo hukuacha kuja kwa sababu ya ratiba, uliacha kwa sababu ulijua."

Hapo alikaa kwenye stuli. Sikumhurumia. Sikuwa na nafasi, hasira ilikuwa imejaa mpaka kwenye kucha. Alimeza chai yangu. Mdudu yule ana udhuru, amezaliwa na mkasi, hana akili ya kuona haya. Huyu mwenzangu alivaa koti la heshima akanata kwangu, akapita kwangu kuingia nyumba arobaini, alipokwisha kuingia koti akaliacha mlangoni. Nilimwambia hivyo hivyo, sikupunguza.

"Na hiyo damu," nikamgeukia Fausta, "mwishowe ilifaa kitu, au mliimwaga?"

"Wadudu wake bado tunao, kwenye tangi la baridi kali. Tuliwawekea kitu cha kuziba ule mkasi. Wakashika ukuta, wakabonyeza, wakashindwa kuvua koti. Wakafia nje."

"Basi kuna dawa."

"Bado. Imekubali kwenye kioo tu. Labda miaka kumi, labda isifike. Siwezi kukudanganya."

Lilikuwa neno la kwanza la mradi ule ambalo nililiamini.

Nikamwambia Hiza achukue karatasi na kalamu. Akaandika mstari wa kwanza, nikausoma: mrejesho wa matokeo ya utafiti ulichelewa kuwafikia walengwa.

"Walengwa ni kina nani?"

"Kina mama."

"Ulichelewa, au hamkuja?"

"Bibi, kwa lugha ya ofisi..."

"Grasiana hana ofisi. Andika."

Nilichana karatasi mbili. Ya tatu aliandika kama nilivyotaja. Nikaikunja, nikaitia ndani ya bakuli.

"Sasa washa gari lako jeupe," nikasema. "Na Fausta achukue mashine yake ya wingi wa damu."

Adhuhuri ilikuwa imetoka tulipofika Sindeni. Rhoda alikuwa pale uani, anamnywesha Denis maji kwa kijiko. Grasiana alipoliona lile gari alisimama mbele ya jamvi, mikono kiunoni, kama kuku mwenye vifaranga.

"Umewaleta, bibi. Umewaleta tena kwangu."

"Nimekurudishia bakuli lako," nikasema.

Alilitazama. Alilijua. Akachungulia ndani, akatoa karatasi, akaisoma midomo ikienda polepole. Iliandikwa hivi:

"Mama Matayo. Tulimtoa mwanao damu kijiko kimoja. Kijiko hicho hakikumuua. Walioimaliza damu yake ni wadudu wa malaria, wanaoingia ndani ya damu kwa mkasi waliozaliwa nao, wakaila na kuipasua. Jioni ile ile tulipima tukaona damu yake imepungua sana, alitakiwa kwenda hospitali. Hatukupiga simu. Hatukurudi. Tumekukosea. Mimi Hiza."

Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Njia nzima nilijiuliza kama ningemletea nusu tu, ile ya mkasi, na kuifukia ile ya simu, mtoto apimwe mambo yaishe. Lakini nusu ya neno ningemletea ya nini? Nilikuwa nimeshampa nusu mara moja.

"Jioni ile ile," Grasiana alisema.

"Ndiyo, mama," Hiza akajibu. Alikuwa amepiga magoti, sikumwona alipopiga.

"Jioni ile nilimpikia uji. Alitaka sukari. Nikamwambia sukari imekwisha, ilikuwepo kidogo, nikaificha kwa ajili ya asubuhi." Akaikunja karatasi ndogo, ndogo zaidi, akaitia kifuani. "Na ninyi mlikuwa mmeshajua."

Denis akakohoa. Grasiana akageuka kwa Fausta.

"Wewe ndiye unayepima?"

"Ndiyo, dada."

"Utampima hapa, mbele yangu. Mdudu na wingi wa damu, vyote viwili. Utanisomea hapa hapa, na maana yake. Na hakuna kitu cha huyu mtoto kitakachoingia kwenye kisanduku chako, hata pamba."

"Hata pamba."

Denis alilia kidogo alipochomwa, mama yake akimshika mkono huku ametazama pembeni. Kwenye kile kipande cheupe cha kipimo mistari miwili ikatokea. Mashine ikasema nane nukta tisa.

"Maana yake?"

"Ana malaria. Damu imeanza kupungua, haijafika pabaya. Akimeza dawa leo hao waliomo watakufa kabla hawajaimaliza. Amalize dozi yote siku tatu, hata akianza kukimbia, maana akibaki mmoja na mkasi wake anatosha. Nitarudi Alhamisi nimpime tena damu."

Niliposikia "nitarudi" nikacheka, kicheko kibaya. Fausta akaniangalia machoni.

Grasiana aliichukua ile pamba yenye doa la damu, akaitupa jikoni kwenye moto, akasimama mpaka ikaisha. Ndipo akambeba mwanawe. Rhoda alimpa mseto, akautapika. Akampa tena, ukakaa.

Alhamisi, kabla jua halijawa kali, Fausta alikuwa uani kwa Grasiana na mashine yake. Alikuja kwa basi. Jumamosi Denis alikuwa anakimbiza bata wangu, nikamwita, nikamtega: "Mgeni wangu huvua koti mlangoni, akitoka hutoka na ukoo mzima." Akafikiri, kidole puani.

"Mjomba."

"Nipe mji."

"Nakupa Segera."

"Segera nimekwenda, nimekula mahindi ya kuchoma. Ni mdudu wa malaria."

"Mjomba naye akija huvua koti," akasema, akarudi kwa bata.

Siku ya pili yake Grasiana alipita njia ya mbele ya nyumba yangu, ndoo kichwani. Hakusimama kuongea. Aliweka kitu barazani, akasema, "Bibi Chau, la moto hilo," akaenda zake kuteka maji. Lilikuwa bakuli la ua jekundu, limejaa makande. "Ahsante, Mama Matayo," nikamwambia mgongoni. Hakukataa jina.

Na Hiza, marahaba yake bado nimeiweka. Nilimwambia nyumba zilikuwa arobaini, na kila nyumba ina daftari lake la moyoni. Kina mama thelathini na tisa waliobaki nao watoto wao walichukuliwa damu na mashine ilisema kitu, wao hawajui ilisema nini. Anakuja kila Jumamosi. Gari analiacha barabarani, anatembea, karatasi zake kwapani, za Kiswahili, kila moja na namba yake na sasa na jina. Nyumba nyingine wanamkaribisha. Nyumba nyingine wanamtolea maneno ambayo mimi kwa umri wangu siwezi kuyaandika, naye anasimama anayasikiliza mpaka mwisho, kisha anasoma karatasi.

Jumamosi iliyopita alipita kwangu, vumbi limefika magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Umefika ya ngapi?"

"Ya kumi na nane."

"Maji yapo mtungini. Kunywa, uende."